Vita vya Kalio la Kushoto la Thadeus Nyangau

Jongeeni, enyi wana wa watu, nanyi mabinti wa nyumba zenye adabu! Mwenye kutafuna na ameze, mwenye simu na aizime, mwenye ugomvi na jirani auweke chini ya kigoda hadi nimalize, kwa maana leo nimebeba habari nzito kutoka nchi ya milima ya Gusii, ambako migomba huota hata pasipopandwa na mvua hunyesha bila kuomba ruhusa ya mtu. Sisimulii habari za wafalme, kwani hatukuwahi kuwa nao wala hatukuwahi kuwakosa. Nasimulia habari za Thadeus Nyangau wa Keumbu, simba wa misumari, bwana wa mabati, mzee wa kanisa mwenye sauti isikikayo hadi Masimba upepo ukiwa mwema, na jinsi alivyoridhia kipande cha nyama yake, chembamba kama uzi, kitoke mwilini mwake kiende kutazamwa. Atakaye kucheka na acheke, ila akumbuke kwamba naye ana kalio.

Ilianza kimya kimya, kama maasi mengi yaanzavyo. Ndani ya kalio la kushoto la shujaa wetu, chini kabisa palipo nyama na giza, uvimbe ulitia kambi. Kwanza ulikuwa kama punje ya njugu, naye akaudharau. Ukawa kama yai, akaanza kuuza misumari akiwa wima. Ulipofikia ukubwa wa parachichi lililoiva, alikwisha kuacha kuketi kitako kizima popote pale. Kanisani aliinamia upande mmoja, na waumini wakadhani ni unyenyekevu umemshukia.

Lakini nani wa kumficha kitu Eucabeth mkewe, mtawala wa jiko, mpiga pasi asiyeshindwa na kunyanzi? Siku moja aliitandaza suruali ya ibada mezani, akaona jinsi mshono wa upande mmoja ulivyokuwa ukilia kuomba msaada.

"Baba Duke," akasema, pasi ikiwa bado mkononi, "hiyo kitu iko hapo nyuma ni nini?"

"Ni uzee, Mama Duke. Uzee huingia mwilini popote upendapo, wala haubishi hodi."

"Uzee unaingia pande zote mbili. Huu umeingia moja."

Nami, wasikilizaji wangu, hapa naweka ngoma chini kidogo, kwa sababu lipo jambo ambalo Thadeus alilijua na hakutaka kulitamka. Kaka yake mkubwa, Josiah, aliwahi kuotwa na uvimbe shingoni. Akaufunga skafu msimu wa baridi, akaufunga skafu msimu wa jua, akaambia watu ni mtindo. Alipoufungua mbele ya daktari, saratani ilikuwa imekwisha kula hadi ndani, na mwaka haukuisha wakamzika kwao Manga. Thadeus alimpenda sana kaka yake. Tangu ule uvimbe uingie kwake alikuwa akiamka kila asubuhi akiugusa, akitumaini umeondoka, na kila asubuhi ulikuwa pale, naye aliogopa mpaka akawa anakosa hamu ya chai.

Basi Eucabeth akamshika mkono, wakashuka mjini Kisii, wakapanda ngazi za kliniki moja iliyo juu ya maduka ya nguo, na huko wakapokelewa na Daktari Anyiko, binti wa kando ya ziwa, mpasua mashaka, ambaye kazi yake ni kusoma nyama za watu kama wengine wasomavyo gazeti. Aliuminya uvimbe, akavua glavu.

"Mzee, kujua hii ni kitu gani, lazima nitoe kidogo nikaangalie," akasema. "Njia ziko tatu. Kuna sindano nyembamba, inafyonza chembe kidogo tu, inauma kama siafu. Kuna sindano nene, inakata kipande chembamba cha nyama. Na kuna kisu, lakini uvimbe mkubwa hivi, tena uko ndani sana, siwezi kuukata kabla sijajua ni nini. Tuanze na ile ndogo."

Thadeus akajiinua kwa kimo chake chote. "Daktari," akanguruma, hata wagonjwa wa chumba cha pili wakanyamaza, "unasema na mtu aliyelala juu ya magunia ya misumari nyumba yake ikijengwa! Unasema na mtu ambaye chuma ni ndugu yake na kutu ni shemeji yake! Ilete sindano yako nyembamba, na ukipenda iite na dada zake!"

Hata hivyo, alikizunguka kitanda mara mbili kwanza.

Akapanda kitandani, akalala kifudifudi, akaishusha bendera, yaani suruali. Daktari akapaka spiriti, Eucabeth akamshika kichwa, sindano ikazama. Siafu akauma, na shujaa akavumilia. Ushindi ulikuwa mlangoni, umekwisha kuvua viatu uingie, ndipo Daktari Anyiko alipopaza sauti upande wa maabara: "Damaris! Leta vioo vya darubini haraka kabla damu haijaganda!"

Pazia likafunguliwa, na mle akaingia Damaris.

Enyi mlio mbali na Gusii, hamtaelewa kishindo cha tukio hili nisipowaeleza ni nani huyu Damaris. Alikuwa mkazamwana wa Thadeus, mke wa ndoa wa mwanawe Duke, aliyeolewa kwa ng'ombe na kwa cheti. Na katika nchi hiyo iko sheria iitwayo chinsoni, kongwe kuliko barabara ya lami: baba mkwe na mke wa mwanawe huheshimiana kwa kukaa mbali. Baba hakai kitandani kwa mkwewe, hampi mkono, hamkazii macho usoni, na habari za mwili hazitajwi kati yao hata kwa mafumbo. Vijana wengi siku hizi wameilegeza sheria hii. Thadeus hakuilegeza hata nukta. Alikuwa akiishika kwa uaminifu mkubwa hivi kwamba hakuwahi kumuuliza mkwewe anafanya kazi gani hasa, wala kliniki ipi, na Eucabeth naye alimjua mkwe kuwa yuko hospitali nyingine. Damaris alikuwa amehamia hapa juzijuzi tu na habari hazijafika Keumbu.

Basi hebu waza. Mkazamwana mlangoni, vioo mkononi. Na mbele yake, likiwa limeangaziwa taa nyeupe ya kitabibu, kalio la baba mkwe katika utukufu wake.

"Nyasae!" akalia Damaris, akimwita Mungu wa baba zake, na vioo vikaanguka vikapasuka. Akageuka akakimbilia stoo, akajifungia na maboksi ya glavu. Thadeus aliruka kutoka kitandani kwa namna ambayo mtu wa umri wake haruhusiwi, sindano ikabaki mkononi mwa daktari na tone la damu ndani yake, akakamata suruali kwa mkono mmoja na mshipi kwa mwingine, akashuka ngazi, akatokea barabarani katikati ya wauza ndizi. Wanasema hakusimama hadi alipofika stendi, na hapo alisimama kwa sababu mshipi ulikuwa umemponyoka.

Kesho yake Daktari Anyiko akapiga simu Keumbu. Lile tone lilikuwa damu tupu, halina chembe ya kusoma. Ilikuwa lazima arudi, na safari hii ni sindano nene. Je, akauliza Eucabeth, Damaris hawezi kupewa likizo siku hiyo? Hawezi, akasema daktari, kwa sababu ndiye peke yake pale anayejua kuitengeneza nyama: kuiloweka, kuigandisha kwenye nta, kuikata nyembamba kuliko karatasi, kuipaka rangi na kuiweka chini ya darubini. Wakipeleka maabara ya mbali watangoja sana, naye hapendi uvimbe ule ungoje.

"Yaya!" akasema Thadeus, na neno hilo kwa Ekegusii ni hapana isiyo na mlango wa nyuma. Akasimama kati ya mabati yake akahutubu. "Yaani mke wa mwanangu aikate nyama ya kalio langu kama mboga? Aipake rangi? Aitazame kwa darubini, ambayo hukuza kitu mpaka kikawa kama uwanja wa mpira? Kalio nililomficha kwa suruali leo alione kubwa kuliko nyumba? Heri nife na heshima yangu, mzike vyote pamoja!"

Eucabeth alimngoja amalize, maana alikuwa amezoea. Kisha akavuta kigoda akaketi.

"Josiah alikufa na skafu yake," akasema. "Ilikuwa skafu nzuri. Mimi ndiye niliifua baadaye. Unataka nifue nini yako?"

Shujaa akaanza kupanga mabati yaliyokwisha kupangwa. Machozi yakamjia, akasingizia kutu. Jioni ile akasema atakwenda, mradi Damaris asione mtu, asisikie jina, na asijue nyama ni ya nani.

Na sasa, enyi mliochoka, kazeni mikanda, kwani siku ya pambano imewadia! Kliniki ilikuwa imejipanga kama jeshi. Pazia zito lilikuwa limetundikwa kati ya chumba cha sindano na maabara, limebanwa kwa vibanio vya nguo juu hadi chini. Upande huu alilala Thadeus, na daktari na Eucabeth wakiwa wamemwinamia. Upande ule alikaa Damaris, akiwa ameligeuzia pazia mgongo kwa hiari yake mwenyewe, na mkono mmoja umenyooshwa nyuma kupokea chupa.

Kabla ya vita yakaja mazungumzo ya amani, nayo yalipitia kwa Eucabeth, kwa kuwa wahusika hawangeweza kusemezana.

"Mama Duke," akasema Thadeus kifudifudi, "muulize aliye nyuma ya pazia: nyama ikitoka kwangu ikaingia chupani, je, bado ni mimi?"

"Damaris, Tata anauliza kama ikitoka bado ni yeye." Nao humwita baba Tata, mjue.

"Mama, mwambie Tata kwangu haziji nyama za watu," ikajibu sauti nyuma ya pazia. "Zinakuja chupa, zina namba. Mimi sijui nani ni nani."

Thadeus akatafakari. Alikuwa mfanyabiashara, na hesabu ya namna hii haikumpita. "Muulize leo zimekuja chupa ngapi."

Upande wa pili kikasikika kiti kikisogezwa.

"Moja, Mama," ikasema ile sauti kwa huzuni.

"Basi atajua!" Akaanza kuinuka, na historia ya Gusii ingechukua njia nyingine kabisa, kama Eucabeth hangemkandamiza mabega kwa mkono wa kushoto na kumnyooshea daktari kidole cha mkono wa kulia. Kwenye kidole hicho palikuwa na chunjua, jeusi kidogo, lililokuwa likitoka damu kila akisonga ugali, naye alikuwa amelivumilia kwa miezi kwa kuwa hakuna aliyemuuliza.

"Daktari, kata hii pia," akasema. "Zikuwe chupa mbili."

"Mama, sampuli si mchezo wa kuficha kokoto," akasema Daktari Anyiko, ambaye uso wake ulikuwa umeanza kukata tamaa na kabila zima. Kisha akakisogeza kidole kwenye taa, akakiangalia vizuri, akaacha kutabasamu. "Lakini hii ilitakiwa kuangaliwa zamani. Sawa. Naandika namba mwenyewe, na mwenye kujua ni ya nani ni mimi peke yangu. Mtu asiziguse hizo chupa."

Hivyo ndivyo Eucabeth, bila hotuba hata moja, alivyotoa damu yake kwanza. Kidole kikafungwa bendeji, chupa ya kwanza ikapita chini ya pazia ikaingia katika mkono uliongoja. Kwamba ngozi ya kidole na nyama ya ndani ya kalio hazifanani hata kidogo chini ya darubini, na kwamba Damaris angezitambua kabla hajaketi vizuri, hilo walilijua daktari, Eucabeth na Damaris mwenyewe. Hakuna aliyelisema, kwani heshima ya kweli ni watu wengi kukubaliana kutojua kitu kimoja.

Ndipo daktari akaitoa silaha. Ilikuwa sindano ndefu yenye mtambo wa chemchemi kwenye mpini, na unapobonyezwa, kisu kilicho ndani huchomoka, hukata, na hurudi na kipande chake kabla mtu hajasema ah.

"Mzee, nimekuchoma ganzi, hutasikia maumivu. Lakini inapiga kelele. Sikia kwanza." Akaibonyeza hewani. *Ta!*

Kalio la Thadeus likaruka peke yake, mwenyewe akiwa bado amelala.

"Ukiruka hivyo ndani yako, nitakata mahali nisipotaka," akasema daktari. "Tulia kama maiti."

"Neno baya umechagua," akanong'ona Thadeus.

Akaung'ata mto. Sindano ikapenya kupitia ngozi, kupitia mafuta, kupitia ngome ya nje na ngome ya ndani, mpaka ikasimama mbele ya adui. Shujaa hakuhisi kitu, na kutohisi kulimtisha kuliko maumivu. Alihisi mkono wa Eucabeth tu kichwani, na bendeji yake ikimkwaruza sikio. Akamwaza Josiah. Akawaza kwamba kama ile skafu ingefunguliwa mapema, leo wangekuwa wawili wa kucheka habari hii.

*Ta!* ikasema silaha. Thadeus Nyangau hakuruka. *Ta!* tena, kutoka pembe nyingine, wala hakutikisika. *Ta!* mara ya mwisho, na mto ukatoboka, lakini kalio likakaa kama mlima wa Manga unavyokaa, halikwenda huku wala kule. Ee kalio! Ee mhimili wa Keumbu! Vizazi vitakavyokuja vitaulizana ulipata wapi uthabiti ule, na hakuna atakayejibu.

Daktari akavidondosha vile vipande katika dawa ya chupani. Vilikuwa vyembamba, vya rangi ya siagi, na vyote vikaelea juu.

"Vimeelea," akasema Eucabeth. "Ni vizuri?"

"Mafuta huelea," akasema Daktari Anyiko. "Lakini mimi sisemi kitu mpaka nione kwa darubini. Nyama inaelea na mgonjwa anazama, nimeshaona." Akaipitisha chini ya pazia, na mkono ukaichukua taratibu, kwa vidole vyote, kama ubebavyo yai la jirani.

Zikaja siku za kungoja, nazo zilikuwa vita mbaya kuliko ya kwanza. Thadeus aliwauzia misumari ya mabati watu walioomba ya mbao. Baya zaidi, Damaris alikuja nyumbani kuwasalimu, akaandaa chai, akapita mbele yake mara kadhaa, na bila shaka majibu yote alikuwa nayo kichwani. Lakini shujaa hakuruhusiwa kumtazama usoni! Alibaki kuvitazama viatu vyake. Aliviona vikitembea polepole, akasema moyoni, nimekwisha. Vikatembea haraka, akasema, nimepona. Vikasimama mlangoni kidogo kabla ya kuondoka, na usiku ule hakula.

Siku ya majibu wakapanda ngazi tena. Daktari Anyiko alikuwa ameitwa ghafla kwenye upasuaji mahali pengine, akapiga simu: majibu yote amekwisha kuyatia sahihi, Damaris awape. Eucabeth akaitwa chumba cha pili kubadilishwa bendeji ya kidole. Na hivyo, wasikilizaji, bila mtu kupanga, baba mkwe na mkazamwana wakajikuta peke yao, yeye kwenye benchi, huyu nyuma ya pazia, na katikati hakuna mtu wa kubeba maneno.

Thadeus akatazama kushoto na kulia. Palikuwa na kiti cha plastiki.

"Ewe kiti," akasema kwa sauti ya baraza, "mwambie aliye nyuma ya pazia kwamba mzee amefika."

Sauti ikajibu: "Kiti, mwambie Tata asubiri Mama arudi."

"Ewe kiti, mwambie kwamba Mama atachelewa. Kidole chake kina mambo mengi."

"Kiti, mwambie Tata..." Na hapo sauti ya nyuma ya pazia ikakatika, ikafuatwa na kwikwi ya mtu anayejizuia kulia.

Thadeus akainuka benchini. Akasahau kiti, akasahau baraza, akasahau sauti ile isikikayo Masimba. Ilitoka nyingine, ndogo, ambayo hata mkewe hakuwahi kuisikia.

"Damaris, mwanangu," akasema. "Ni kama ya Josiah?"

"Hapana, Tata!" Ikatoka haraka hivyo, kama maji yaliyozibwa. "Siyo kama yake. Ni mafuta tu, uvimbe wa mafuta, hauui mtu. Nilikata mimi, nikaona siku ya pili, halafu daktari akaona, na mimi siruhusiwi kusema mpaka yeye aseme, na wewe sikuruhusiwa kukuambia hata kama angesema! Nimekuja nyumbani nikimimina chai nikiwa najua, Tata, na sikulala."

Thadeus akafunika uso kwa mikono yote miwili. Alilia wazi, bila kusingizia kutu, kwa ajili yake na kwa ajili ya kaka yake, na nyuma ya pazia mke wa mwanawe alilia pia, kila mmoja upande wake, kama sheria inavyotaka. Hivyo ndivyo Eucabeth alivyowakuta. Akasikia habari njema, akamshukuru Mungu, kisha akauliza kama kuna mtu yeyote katika ukoo huo aliyekumbuka kuuliza habari za kidole chake.

"Ni chunjua tu, Mama!" wakajibu pande zote mbili za pazia, ingawa Thadeus alikuwa anabahatisha.

Basi ninyi mwandikao tarehe za mataifa, andikeni na hii, kwa wino usiofutika: kwamba katika mji wa Kisii, juu ya maduka ya nguo, mzee mmoja wa Keumbu alimuuliza mkazamwana wake swali kwa kinywa chake mwenyewe, naye akamjibu, na mbingu hazikuanguka. Na mkiisha kuandika, kama nawe una uvimbe unaoufunga skafu, inuka uende sasa hivi. Sisi tutakungoja hapahapa na chai.